Stika ya Bima Kwenye Kioo: Inamlinda Nani?



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tuzungumze jambo ambalo familia nyingi hapa Kampala hulishughulikia mara moja kwa mwaka, kwa haraka, na bila kulisoma. Jambo hilo ni bima ya gari. Trafiki akikusimamisha pale Wandegeya au Jinja Road, anakuuliza pamiti na anatazama stika. Basi wengi wetu tunanunua stika kwa ajili ya askari. Ikishabandikwa kwenye kioo tunasema, "Alhamdulillah, gari lina bima," na mazungumzo yanaishia hapo hadi mwaka ujao.

Mimi naona hapo ndipo tunapokosea. Stika ile ni haki ya mtu mwingine kabla ya kuwa kinga yako wewe. Ni haki ya mwenda kwa miguu, ya kijana wa boda, ya mama anayeuza ndizi kando ya barabara. Na kama tutakavyoona, haki yenyewe ni ndogo mno. Kwa hiyo swali la Mwislamu mwenye gari lisiwe tu, "Stika ya bei rahisi inapatikana wapi?" Ajiulize pia, "Nikimgonga mtu leo, yeye atalipwa nini, na familia yangu itabaki na nini?"

Hili si jambo la kufikirika. Kwa hesabu za polisi ya Uganda, zaidi ya watu 4,800 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2023. Hao ni waliokufa tu. Waliovunjika miguu na migongo hawamo katika idadi hiyo. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyelala Mulago kwa sababu ya boda au taksi.

STIKA INALIPA NINI HASA

Bima hii ya lazima huitwa thadi pati, yaani bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule uliyemdhuru, ambaye hakutia saini karatasi yoyote na wala hakujua kwamba utapita njia yake siku hiyo.

Uganda iliweka sheria ya bima hii mwaka 1989. Sheria hiyo inahusu kifo na majeraha ya mwili. Nayo iliweka kikomo cha fidia: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, na shilingi milioni 10 kwa ajali nzima, hata walioumia wakiwa wengi. Kikomo hicho kimedumu zaidi ya miaka thelathini huku bei ya kila kitu ikipanda. Milioni moja ya leo haifiki dola 300 za Marekani.

Tufanye hesabu. Gari limekosa breki likaingia kwenye steji ya boda, watu 15 wakaumia. Milioni 10 ukizigawa kwa watu 15, kila mmoja anapata chini ya laki saba. Je, laki saba zitamtibu mtu aliyevunjika paja, anayehitaji vyuma, kitanda cha hospitali kwa wiki nyingi na chakula cha watoto nyumbani wakati hafanyi kazi? Kila mtu anajua jibu.

Majirani zetu wa Kenya, sheria yao inaruhusu hadi shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja, kiasi ambacho kwetu ni zaidi ya milioni 70. Hatusemi hivi ili kujidharau. Tunasema ili ujue kwamba stika yako ya Kampala ina uzito gani.

VITU AMBAVYO HAVIMO

Hapa ndipo familia nyingi hushtuka, kwa hiyo tuvitaje kimoja kimoja.

1. Gari lako halimo. Likigongwa, likiungua au likiibiwa, stika hailipi hata senti.

2. Gari la mwenzako halimo. Ukimgonga mtu kwa nyuma kwenye foleni ya Entebbe Road, ukavunja taa na bampa lake, stika haigharimii matengenezo yake. Ukuta wa nyumba ya watu na kioski vilevile.

3. Wewe dereva humo. Ukivunjika mkono, hospitali unajilipia mwenyewe.

4. Kuhusu abiria wako, usikisie. Muulize anayekuuzia, na akuonyeshe maneno yenyewe kwenye karatasi.

5. Kilichozidi kikomo hakimo. Mahakama ikikuamuru kumlipa aliyeumia milioni 20, kampuni hutoa sehemu yake ya kisheria na zilizobaki zinakutazama wewe. Kiwanja ulichonunua kwa ajili ya watoto kinaweza kuuzwa kulipa deni hilo.

Ndiyo maana nasema mtu mwenye stika peke yake ametimiza sheria, lakini bado yuko mtupu barabarani, yeye na yule atakayemgonga.

BIMA ZILIZO JUU YA STIKA

Baada ya stika ziko ngazi nyingine, na si lazima mtu apande hadi juu kabisa.

Ngazi ya kwanza ni kuongeza thadi pati ya hiari. Hii huweka kiwango kikubwa zaidi kwa majeraha ya watu, na hulipa pia mali ya watu unayoiharibu. Kwa maoni yangu, hii ndiyo bima ambayo familia zetu zinaisahau na ndiyo inayozifaa zaidi. Gari la zamani la milioni 9 ukilipoteza utaumia, lakini utasimama tena. Deni la mtu aliyekatika mguu linaweza kukufuata miaka kumi.

Ngazi ya pili huongeza moto na wizi. Inamfaa mtu ambaye gari lake hulala nje ya geti, au katika mtaa ambao vioo vya pembeni hupotea usiku na kuonekana asubuhi sokoni Kisekka. Lakini uliza vizuri: wizi wa gari zima ni jambo moja, na wizi wa vioo, redio au betri ni jambo jingine. Hati nyingi huvitenganisha.

Ngazi ya tatu ni bima kubwa, ile watu wanayoiita komprehensivu. Hii hulipa gari lako pia, hata kama kosa ni lako. Ada yake hupimwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuchukue mfano wa asilimia 4. Gari la milioni 30 litalipiwa milioni 1 na laki 2. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 216,000, unafika 1,416,000, halafu kuna ushuru wa stempu na tozo ndogondogo. Ukiigawa kwa mwaka ni karibu elfu nne kwa siku. Wako watu wanaotumia zaidi ya hapo kwa muda wa maongezi wa simu.

Hata hivyo bima kubwa ina milango miwili ambayo pesa hupotelea, nayo ifahamike kabla ya kulipa.

Mlango wa kwanza ni ekses, kiasi unachobeba mwenyewe katika kila ajali. Kampuni ikisema asilimia 10 ya madai, ujue kwamba gharama ikiwa milioni 4, laki nne ni zako. Mara nyingi pia kuna kiwango cha chini, kwa hiyo mkwaruzo mdogo haulipwi kabisa. Dereva kijana au mwenye pamiti mpya hubebeshwa ekses kubwa zaidi. Wanafunzi, hili linawahusu mnapoazima gari la baba.

Mlango wa pili ni kutaja thamani ndogo ili ada ishuke. Gari ni la milioni 30, wewe unaandika milioni 20. Siku ya ajali, matengenezo ni milioni 6. Kampuni husema: umelipia theluthi mbili ya gari, nasi tutalipa theluthi mbili, yaani milioni 4. Toa ekses ya asilimia 10, unabaki na 3,600,000. Milioni 2 na laki 4 zimetoka mfukoni mwako ili kuokoa laki chache za ada. Tena kuna upande wa uaminifu. Kudanganya thamani ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini, na muumini hauhitaji uongo hata ukiwa na faida.

GARI LA NYUMBANI LINAPOFANYA BIASHARA

Jambo hili nataka wazazi walisome mara mbili. Bima ya gari binafsi ni ya matumizi binafsi. Kijana aliyemaliza chuo akichukua Premio ya familia na kubeba abiria wa Uber au Bolt jioni, ametoka nje ya bima ile. Hali kadhalika mzazi mwenye gari la viti saba anayekusanya watoto wa majirani kila asubuhi kuwapeleka shule au madrasa, akilipwa kwa mwezi. Nia yake ni njema na kazi yake ina kheri. Lakini ajali ikitokea, kampuni inaweza kusema gari lilikuwa la kubeba abiria kwa malipo na kukataa madai. Hapo wanaoathirika ni watoto wa watu.

Dawa yake ni rahisi: mwambie anayekuuzia bima ukweli wa matumizi ya gari, hata kama ada itapanda. Na wazazi ambao watoto wao hubebwa, msione haya kumwuliza mwenye gari ana bima ya namna gani. Kuuliza hakumaanishi kwamba humwamini mtu. Mtoto ni amana.

Vilevile wanaokwenda Nairobi au Mombasa kwa gari wakati wa Idd wajue kwamba stika ya Uganda haivuki mpaka. Kuna Kadi ya Njano ya COMESA, mpango uliotokana na makubaliano ya mwaka 1986, ambayo huongezwa kwenye bima yako na kukubaliwa Kenya, Tanzania, Rwanda na nchi nyingine zilizomo. Iulize kabla ya kufika Busia au Malaba.

KUPATA BEI NAFUU BILA KUJIDANGANYA

Kwanza, usinunue mkononi kwa mtu wa barabarani. Stika za kughushi zimewaliza wengi, nayo stika bandia ni sawa na kutokuwa na bima. Mamlaka ya Kusimamia Bima ya Uganda hutoa orodha ya kampuni, madalali na mawakala wenye leseni. Hakikisha jina limo, na risiti ina namba ya gari lako.

Pili, ulizia kampuni tatu au nne kwa thamani ileile na masharti yaleyale. Ukilinganisha ada peke yake utapotea. Linganisha ada, ekses, kikomo cha mali ya watu, na gereji gani zinakubaliwa. Ada ndogo yenye ekses ya milioni moja huenda ikawa ghali kuliko zote.

Tatu, dalali wa bima mwenye leseni hulipwa kamisheni na kampuni. Mtumie akutafutie bei, lakini soma mwenyewe anachokuletea.

Nne, uliza punguzo. Kampuni nyingi hupunguza ada kwa asiyedai chochote mwaka mzima, na kwa gari lenye king'ora au kifaa cha kufuatilia lilipo.

Tano, gari likiwa la zamani sana, pima kama bima kubwa inastahili. Huenda pesa hiyo ikafaa zaidi kwenye thadi pati ya hiari, breki na matairi.

JE, BIMA INAFAA KWA MWISLAMU?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni la haki. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu na lenye makao Jeddah, liliamua kwamba bima ya biashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa na haifai, na kwamba mbadala wake ni bima ya kusaidiana, inayosimama juu ya kuchangiana. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo, tunayoiita takaful, ilikuwa imekwisha kufunguliwa Khartoum mwaka 1979. Kenya walipata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Hapa Uganda sheria ya mabenki ilibadilishwa mwaka 2016 kuruhusu benki zinazofuata sharia. Kwa hiyo mlango umeanza kufunguka, na kila tunapouliza takaful kwenye ofisi za bima tunausukuma zaidi.

Ama ile ya lazima, masheikh wengi husema mtu analazimishwa na dola na hana hiari, hivyo hana lawama. Kwa ile ya hiari, kila mtu amwulize sheikh anayemwamini. Mimi si mufti.

Lakini lipo jambo ambalo fiqhi yetu inalo tangu mwanzo na linafaa kukumbukwa. Mtu akiua kwa bahati mbaya, Surat An-Nisaa aya ya 92 inamtaka diya kwa familia ya marehemu na kafara. Wanavyuoni wakaeleza kwamba diya hiyo hubebwa na aqila, jamaa zake wa upande wa baba, kwa muda wa miaka mitatu. Tazama hekima yake: familia ya marehemu inalipwa, na aliyekosea haangamizwi peke yake. Mzigo unagawanywa. Na kafara, ambayo kwa asiyeweza kuacha mtumwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, hubaki shingoni mwake mwenyewe. Hakuna kampuni inayoweza kumfungia.

Basi asiseme mtu kwamba kujiandaa kulipa ni upungufu wa tawakkul. Yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga tunaijua habari yake.

TUFANYE NINI KAMA JUMUIYA

Waganda wanajua kusaidiana. Vikundi vya munno mukabi viko karibu kila kijiji, na mtu akifiwa haachwi peke yake. Napendekeza misikiti yetu ichukue roho hiyohiyo iilete kwenye magari, kwa njia mbili.

Ya kwanza: wenye magari wa msikiti mmoja, hata wakiwa ishirini, waende pamoja kwa dalali mwenye leseni na kuomba bei ya kundi, wakiulizia na takaful. Mtu mmoja hana nguvu ya kujadiliana, lakini magari ishirini yatasikilizwa.

Ya pili: uwepo mfuko mdogo wa kuchangia, wenye daftari na kamati inayotoa hesabu hadharani. Mfuko huo usijiite bima, kwani bima inahitaji leseni, wala usichukue nafasi ya stika. Kazi yake iwe kumsaidia ndugu aliyeshindwa kulipa ekses na, muhimu zaidi, kumfikia haraka aliyegongwa na mmoja wetu. Amfikie akiwa bado wodini, kabla karatasi za madai hazijaanza kuzunguka ofisini.

SIKU YA AJALI

Simamisha gari. Msaidie aliyeumia kwanza, mengine yote yanangoja. Piga picha za magari na barabara. Chukua namba za magari na za simu za mashahidi. Toa taarifa polisi na upate ripoti. Ijulishe kampuni upesi, ikiwezekana siku hiyohiyo, maana kuchelewa ni sababu moja ya madai kukataliwa.

Kampuni zitakuambia usikiri kosa wala usiahidi malipo bila idhini yao. Baadhi ya ndugu huona hapo pana unafiki. Tofautisha. Kueleza kilichotokea kama kilivyotokea, kwa polisi na kwa kampuni, ni wajibu, hata kama kinakuumiza. Kutia saini pale barabarani kwamba utalipa kiasi fulani ni mkataba, na huo ndio unaokatazwa. Sema kweli, usisaini, na usimkimbie mtu uliyemwangusha. Kumtembelea hospitali, kumpelekea chakula na kumwombea dua hakukatazwi na hati yoyote ya bima.

Kabla stika yako haijaisha, keti na mwenzio nyumbani, toeni ile hati iliyokunjwa kwenye droo ya gari, muisome maneno yote. Mahali msipoelewa, wekeni alama na kwendeni kuuliza. Jioni moja inatosha.

Allah atulinde sisi na watoto wetu barabarani, na awalinde watu na madhara yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.